Salamu za Baba Mkwe

Mungaa, 6 Oktoba 1974

Mpendwa wifi Cecilia,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi ni wazima, hofu ni kwenu mlio mbali huko Tabora. Shemeji Idrissa hajambo? Hadija, Rajabu na Zuhura hawajambo?

Barua yako ya mwezi wa saba ilichelewa kunifikia kwa sababu ya kuhama. Utakuwa umesikia redioni mambo ya vijiji. Na sisi tumehamishwa, tangu Agosti. Kwenye ile nyumba ya tembe ulimozaliwa hatupo tena. Tumepangwa mstari kando ya barabara ya misheni, nyumba ya Baba na Mama ni ya nne, yangu na kaka yako Antipasi ni ya tano, na kuendelea mbele ni baba wadogo wote na watoto wao. Zamani ukimtaka mtu wa ukoo ulipanda kichuguu ukapiga kelele. Siku hizi nikikohoa, napewa pole na nyumba tatu.

Waliofurahi ni watoto. Wajukuu ishirini na mmoja wako mahali pamoja kuanzia asubuhi, na wakati wa uji sijui ninayempa ni wangu au wa nani. Nawakalisha ukutani, nagawa mpaka sufuria iishe.

Mama goti bado linamsumbua. Jana alikaa anapepeta uwele, akaanza kucheka peke yake. Namuuliza kuna nini, anasema amekumbuka Krismasi ya jora la kijani. Unaikumbuka? Baba alinunua jora zima Singida mjini, akawashonesha watoto wote wa ukoo, hata mimi niliyekuwa mtoto wa jirani tu. Tulipoingia kanisani Padri akauliza ni shule gani imekuja. Wewe gauni lako lilikuwa refu, ukalikanyaga mbele ya pango la Yesu, ukaanguka na mshumaa.

Baba anakusalimu sana. Anasema uwaangalie watoto na homa za huko, na Hadija asikose shule.

Mimi wifi yako,
Luciana


Tabora, 20 Oktoba 1974

Mpendwa wifi Luciana,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea Idrissa, akacheka habari ya kikohozi mpaka majirani zetu wa kota za reli wakauliza.

Kwa hiyo tembe haipo. Sijui kwa nini nilidhani itaningoja. Nilikuwa nikiwasimulia watoto kila kitu kilivyokaa: mlango mfupi unaomfanya hata mgeni mkubwa ainame, zizi katikati, na chumba cha bibi tulimokuwa tunalala watoto wote juu ya ngozi za ng'ombe, miguu upande mmoja, vichwa upande mmoja. Siku ya Krismasi bibi alituamsha kwa kugusa vichwa, mmoja mmoja, akihesabu. Kuta zilikuwa zimepakwa udongo mweupe, na ukiegemea unaenda kanisani na mgongo mweupe. Halafu nyama. Maini ni ya watoto wasio na meno ya kutosha. Nilikuwa naficha meno yangu.

Watoto wangu hawajui hayo. Wanakula sikukuu watatu kwenye mkeka mmoja, wanamaliza, wanatazamana. Juzi Rajabu aliniuliza, "Mama, babu ni mtu wa namna gani?" Nikamwambia ni mtu mrefu.

Wifi, ni miaka minane. Wewe ulikuwepo. Baba alisimama mlangoni akasema binti wa katekista aliyeandikishwa ndoa bomani na Mwislamu asipite tena pale. Sikumlaumu hata siku ile. Mabinti wa vijiji vyote alikuwa amewafundisha yeye, halafu wa kwake ndiye akatoka. Kama si wewe, ningesema sina baba. Lakini Hadija alipozaliwa ukaniandikia kwamba Baba ameuliza jina la mtoto, na alipolisikia akasema ni jina zuri. Barua ile nililala nayo. Tangu hapo hujawahi kuniandikia bila salamu yake, nami nimezitunza zote.

Sasa nina ombi. Idrissa anasema mwaka huu Idd ya kuchinja na Krismasi zinafuatana, siku na siku. Likizo yake inaanza tarehe ishirini Desemba. Muulize Baba kama tunaweza kuja. Muulize tu. Akikataa nitanyamaza, na salamu zake zitanitosha kama zilivyonitosha.

Wifi yako,
Cecilia


Mungaa, 3 Novemba 1974

Mpendwa wifi,

Nimemuuliza. Amesema mje.

Amesema Idrissa ni mkwe wake kama wakwe wengine, na watoto wote waje, asibaki hata mmoja. Mama amefurahi, ameanza kutafuta ngozi za kulalia. Hapa nyumba ni mpya na ndogo, watoto watalala kwetu wote.

Huna haja ya kumwandikia Baba mwenyewe. Macho yake siku hizi hayapendi maandishi madogo. Mambo yote yapitie kwangu.

Mvua bado. Tukipata, mtakuta majani.

Wifi yako,
Luciana


Tabora, 14 Novemba 1974

Wifi yangu Luciana,

Ningekuwa karibu ningekubeba mgongoni nikazunguka na wewe mstari wote huo wa nyumba zenu!

Idrissa amekwisha kata tiketi. Tutashuka Itigi kwa treni, kisha basi mpaka Ikungi, na kutoka hapo tutatafuta lori. Hadija anafundisha wenzake kusema shikamoo babu. Zuhura anasema "kamoo" na kuinama mpaka anaanguka. Nimewanunulia kitambaa cha kijani, si jora, pande tatu tu. Nitashona mwenyewe.

Usinikaripie: nimemwandikia Baba. Nimeitia posta leo hii pamoja na hii yako. Sikuweza kukaa kimya baada ya neno kubwa kama lile. Nimeandika kwa herufi kubwa ili macho yasimsumbue. Nimemshukuru kwa kutuita, na kwa salamu zote za miaka hii, nikamtajia moja moja: ile ya jina la Hadija, ile ya mwaka wa surua aliposema anatuombea, ile aliyoniambia nisiache kumtii Idrissa. Ajue kwamba hakuna iliyopotea.

Nakusalimu kwa furaha kubwa,
Cecilia


Mungaa, 25 Novemba 1974

Wifi Cecilia,

Sina namna nzuri ya kuandika jambo hili, kwa hiyo naliandika lilivyo.

Baba hakuwahi kukusalimu. Salamu zote nilitunga mimi.

Ya kwanza ilitoka hivi. Ulipoandika kwamba umejifungua, nilimsomea Mama uani. Baba alikuwa anachonga mpini karibu. Nilisoma kwa sauti makusudi, jina nikaliruka ili aulize mwenyewe. Hakuuliza jina, wifi. Aliacha kuchonga, basi, akakaa na kisu mkononi mpaka nilipomaliza kusoma, ndipo akaendelea. Nikajiambia, mtu asiyejali haachi kuchonga. Nikakuandikia kwamba ameuliza. Nilidhani ni mara moja tu. Ulivyojibu kwa machozi, sikuweza tena kuandika barua isiyo na salamu. Mama nilikuwa namsomea kila nilichoandika. Nikifika kwenye salamu za Baba, Mama anatazama chini. Hakunikataza.

Na hii ya kuwaita sikumuuliza. Nilimwendea mara mbili na maneno mdomoni, nikaishia kumuuliza kama anataka maji. Wewe unajua mkwe wa kike hamwendei baba mkwe hivihivi. Nilijipa moyo kwamba mkishafika hawezi kuwafukuza mbele ya watoto.

Barua yako aliipokea Jumamosi misheni. Niliona bahasha, nikaona mwandiko wako. Aliisoma amesimama barabarani, akaikunja, akaitia mfuko wa koti. Leo ni siku ya tatu. Anakula, anasali, anakwenda shambani. Hasemi na mtu. Antipasi amekwisha jua, na hasemi na mimi.

Nimekukosea, na nimemkosea yeye zaidi. Sijui niseme mje au msije.

Luciana


Tabora, 4 Desemba 1974

Luciana,

Nilikaa siku mbili kabla ya kuandika ili nisiandike vibaya.

Najaribu kukushukuru, nashindwa. Mwaka wa surua, Rajabu alipokuwa hawezi kufungua macho, nilikuwa namwambia, babu yako anakuombea, vumilia. Nilikuwa namwambia mtoto mgonjwa maneno uliyoyatunga wewe ukiwa umekaa jikoni. Ungeniacha na baba mkali. Baba mkali ningemzoea.

Kinachoniuma ni aibu. Nimemshukuru mzee wa watu kwa mambo asiyoyafanya, kwa herufi kubwa. Atadhani namcheka.

Hatuji. Idrissa atarudisha tiketi Jumatatu. Alichukua tu kile kitambaa cha kijani nilichokwisha kata, akakiweka juu ya kabati asikione Hadija. Mwambie Mama nimeugua, au mwambie unachotaka. Unajua kutunga.

Cecilia


Mungaa, 13 Desemba 1974

Kwa binti yangu Cecilia,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua hii nampa Simoni, dereva wa lori la ushirika, anayefika Tabora wiki hii. Posta ingechelewa.

Nilipata barua yako. Siku ya kwanza nilikasirika, kwa sababu nilisoma habari za mtu mwema nikakuta jina langu. Siku ya nne nilimwita Luciana. Alikuja akapiga magoti mbali, karibu na mlango. Nikamwambia, "Nitajie ulichosema kwa ajili yangu." Akasema, "Baba, ni mengi." Nikasema, "Leo sina kazi nyingine." Akataja. Alikuwa anakumbuka yote mwaka kwa mwaka. Mama yako alikuwa ameketi pale, na Luciana akisahau, yeye alikuwa anamkumbusha. Hapo ndipo nilipojua kwamba nyumba nzima ilikuwa inazungumza na wewe isipokuwa mimi.

Nimeyafikiri maneno yale. Nimefundisha watu dini miaka ishirini na sita, na sikupata kosa ndani yake. Ni maneno ambayo baba angepaswa kusema. Yalikuwepo, nami nikaacha mtoto wa watu ayabebe. Mtu akifanya kazi yako umekaa, usimgombeze.

Moja tu nalikataa. Alikuandikia kwamba nilisema jina la Hadija ni zuri. Sikulijua jina la mtoto mpaka nilipolisoma kwenye barua yako mwezi uliopita. Ana miaka saba. Hilo ni kosa langu, usimpe Luciana.

Luciana ameniambia kwamba hamji. Mimi nasema mje. Sasa ni mimi ninayesema, mwandiko wangu unaujua.

Hapa kijijini tumechanganywa, jirani zangu wa kulia ni Waislamu, nao wameshanipa chumvi na moto. Nina dume jekundu. Idrissa atalichinja Jumanne baada ya sala yao, ili kila mtu ale. Siku hiyo tutakula Idd, na Jumatano tutakula Krismasi. Dume moja, siku mbili.

Mimi baba yako,
Samweli Alute


Tabora, 12 Januari 1975

Mpendwa wifi yangu Luciana,

Tulirudi nyumbani salama, isipokuwa Rajabu alitapika kwenye treni kwa sababu ya karanga za Mama. Tangu tufike, nyumba hii imekuwa kimya mno. Asubuhi ya kwanza niliamka nikagawa uji kwenye vikombe saba, ndipo nikakumbuka nina watoto watatu.

Kumbe mtu anaweza kuikumbuka sikukuu ya juzi kama ile ya utotoni. Wewe ulikuwa kwenye masufuria siku zote mbili, hukuyaona mengine, kwa hiyo nakusimulia.

Tulipofika tulimkuta Baba amesimama nje, amevaa koti, jua lote lile. Nilipiga magoti nikasema, "Shikamoo Baba." Akanitazama kichwani muda mrefu. Nilidhani hataitika. Akasema, "Marahaba. Una mvi." Nikasema, "Ndiyo Baba, zimeanza." Akasema, "Mama yako naye alianza mapema." Hayo tu. Kisha akamgeukia Hadija, akamwita kwa jina lake mara mbili, kama mtu anayejifunza kulisema.

Jumanne, Idrissa na jirani zenu waliporudi kusali, Baba alimpa Idrissa kisu mkononi. Akamuuliza, "Kinakufaa hiki?" Idrissa akakijaribu kwenye ukucha. "Kinafaa, baba." "Basi fanya, watu wana njaa." Idrissa alikuwa akitetemeka, wifi. Ameniambia baadaye kwamba hakuogopa dume.

Na lile la Rajabu nalo. Watoto ishirini na wanne wamepangwa ukutani, mgongo wa kila mmoja una udongo mweupe kwa sababu Mama alilazimisha ukuta mpya upakwe, na Rajabu na mdomo umejaa maini anauliza kwa sauti, "Babu, wewe ndiye uliyekuwa unatusalimu?" Antipasi akainamia bakuli. Baba akatazama kule jikoni ulikokuwa umeinama unapuliza moto, akamjibu, "Tulikuwa wawili." Rajabu akaridhika, akaomba mchuzi.

Siku ya Krismasi nilikwenda kanisani na Mama, Idrissa akabaki na wazee wanakunywa chai. Nilikaa benchi la nyuma. Si kila mtu aliyenipa mkono, na mke wa baba mdogo alihama benchi, utakuwa umesikia. Sikuumia kama nilivyodhani nitaumia. Nilikuwa nasikiliza watoto wako na wangu wakiimba bila kujua maneno.

Luciana, nilikuandikia vibaya mwezi wa kumi na mbili. Nilitaka kukuambia pale uani, lakini kila nilipokuja ulinipa kitu cha kumenya, na mimi mwenyewe nilikuwa nashukuru kupewa. Nakuambia sasa. Rajabu alipona mwaka ule, na alipona huku akijua anaombewa. Nisamehe.

Asubuhi tuliyoondoka ulikuwa umekwenda kwa mama yako aliyeshikwa na homa, kwa hiyo hukuona. Lori lilikuwa linangoja mwisho wa kijiji, nyumba ya mwisho ya mstari. Zuhura alikuwa amecheza na wenzake tangu alfajiri, akalala palepale kwenye mkeka, hamsikii mtu. Nilikuwa na mzigo kichwani, Idrissa ana masanduku, Mama na goti lake. Baba akasema, "Nipe khanga." Nikadhani anataka kumfunika. Akainama, akamweka Zuhura mgongoni, akajifunga khanga kifuani, vibaya, fundo upande. Mama akamfunga upya huku anacheka na machozi.

Tukaanza kutembea. Unajua Baba anavyojiheshimu. Wanaume wa kwetu hawabebi mtoto mgongoni, sembuse katekista, sembuse mchana. Watu wakatoka milangoni, nyumba hii na hii, watoto wetu wote wakafuata nyuma. Tulipofika karibu na kanisa, mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje na wenzake akamwita, "Mwalimu Samweli! Leo umekuwa mama?"

Baba hakusimama. Alimpandisha Zuhura kidogo mgongoni, kama tunavyofanya sisi, akasema, "Nimezaa wanane, sijambeba hata mmoja. Niache nijue uzito wao."

Akaendelea kutembea, polepole, na lori likamngoja.

Wifi yako,
Cecilia